Kidole Kabla ya Neno: Historia ya Uchunguzi wa Mawasiliano ya Awali ya Wadogo wa Watoto Wenye Usonji, 1943–2024

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia namna ndugu wadogo wa watoto wenye usonji walivyoingia katika uchunguzi wa mawasiliano yanayotangulia usemi. Yanaonyesha kwamba ndugu hao walipewa nafasi tatu kwa nyakati tofauti: kwanza walikuwa mashahidi wa kuwatetea wazazi, kisha wakawa ushahidi wa urithi, na hatimaye wakawa watoto wanaochunguzwa tangu uchangani. Makala yanajadili pia aina za ushahidi zilizotumika katika kila kipindi, na yanahitimisha kwa kuangalia maana ya historia hiyo kwa utafiti wa lugha ya watoto katika Afrika Mashariki.

1. Utangulizi

Vionyeshi ni miongoni mwa vipashio vya Kiswahili ambavyo haviwezi kufasiriwa nje ya muktadha wa mazungumzo. Anayesema "kile" humtarajia msikilizaji ageuze macho na kutafuta kitu kilekile ambacho yeye msemaji anakitazama. Wasipokutana katika kitu hicho, neno limetamkwa lakini halijafika. Sarufi hufafanua umbali wa kitu kutoka kwa msemaji na msikilizaji. Makubaliano ya awali kati ya wawili hao, yaani kwamba wanatazama pamoja, kwa kawaida huchukuliwa kuwa yapo tayari.

Makubaliano hayo yana historia katika maisha ya kila mtoto. Kabla hajaweza kusema "kile", mtoto wa umri wa mwaka mmoja hivi hunyoosha kidole kumwonyesha mama paka anayepita, humgeukia mama kuhakikisha kwamba naye ameona, kisha hurudisha macho kwa paka. Katika tendo hilo fupi mna msemaji, msikilizaji na mada. Wanaisimu na wanasaikolojia waliposhughulikia tendo hilo kwa makini, iliwabainikia kwamba kwa watoto wengi wenye usonji ndilo linalochelewa au kukosekana. Swali lililofuata lilihusu wakati: tofauti hiyo huanza lini? Kulijibu kulihitaji kumtazama mtoto kabla hajatambuliwa kuwa na usonji, na haikujulikana ni mtoto yupi wa kumtazama. Jibu lilipatikana kwa mdogo mtu, yule anayezaliwa katika nyumba ambamo tayari yumo kaka au dada mwenye usonji.

2. Kumbukumbu za Mama

Mwaka 1943 Leo Kanner, daktari wa magonjwa ya akili ya watoto katika Johns Hopkins, Baltimore, alichapisha maelezo ya watoto 11, wavulana 8 na wasichana 3, ambao hawakuhusiana na watu kwa namna iliyozoeleka. Katika maelezo hayo imo habari ndogo ambayo baadaye ilikuja kuwa na uzito mkubwa. Takribani mama wote walikumbuka kwa mshangao kwamba mtoto alipokuwa mchanga hakujiandaa kubebwa. Mtoto mchanga wa kawaida, anapoona mikono ikimjia, hukaza mwili na kuinua mabega. Watoto wale hawakufanya hivyo.

Hapa ndipo penye chanzo cha uchunguzi wa mawasiliano ya awali katika usonji, na chanzo hicho ni simulizi ya mama. Ushahidi wa aina hii una nguvu na udhaifu wake. Mama ndiye aliyekuwapo, na aliyoyaona hayakuonwa na daktari yeyote. Hata hivyo, mama alisimulia miaka kadhaa baadaye, akiwa tayari anajua yaliyompata mwanawe, na kila anayekumbuka huchagua ya kukumbuka kulingana na anayoyajua sasa.

Kanner mwenyewe alihitimisha kwamba watoto hao walizaliwa na upungufu wa kuhusiana na watu. Lakini katika makala hayohayo aliandika pia kuhusu ubaridi wa wazazi, na mwaka 1949 akayafananisha malezi yao na kuhifadhiwa ndani ya jokofu. Tashbihi hiyo ilienea kuliko hitimisho lake la awali. Bruno Bettelheim, aliyeongoza shule maalumu huko Chicago, aliisukuma mbele zaidi katika kitabu chake The Empty Fortress cha mwaka 1967, ambamo usonji ulifafanuliwa kuwa jibu la mtoto kwa mzazi asiyemtaka. Kwa hiyo mama yuleyule ambaye kumbukumbu yake ilikuwa chanzo kikuu cha ushahidi alisimamishwa kizimbani. Macho yake yaliyoona kwamba mtoto hakunyanyua mabega sasa yalishukiwa kuwa ndiyo sababu ya mtoto kutonyanyua.

3. Ndugu kama Shahidi

Utetezi wa wazazi ulianza kabla ya kitabu cha Bettelheim. Mwaka 1964 Bernard Rimland, mwanasaikolojia wa Jeshi la Majini la Marekani na baba wa mtoto mwenye usonji, alichapisha kitabu kilichopanga hoja za kupinga dhana ya malezi mabaya. Miongoni mwa hoja hizo ilikuwamo moja iliyowahusu ndugu: isipokuwa kwa nadra sana, ndugu wa watoto wenye usonji ni watoto wa kawaida. Mantiki yake inaeleweka kwa urahisi. Ikiwa mama mmoja amewanyonyesha, kuwabeba na kuwaimbia watoto watatu, na mmoja tu ndiye asiyeitika anapoitwa, hitilafu haiwezi kutafutwa katika uimbaji.

Hiyo ilikuwa nafasi ya kwanza ya ndugu katika historia hii. Waliingia kama mashahidi, na thamani ya ushahidi wao ilitokana na kutokuwa na usonji. Mwaka 1969 Kanner, akihutubia mkutano wa chama cha wazazi nchini Marekani, aliwatangazia kwamba hawakuwa na hatia.

Muda si mrefu nafasi ya ndugu ikabadilika. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walichapisha uchunguzi wa jozi 21 za mapacha wa Uingereza. Katika jozi 11 za mapacha wa yai moja, jozi 4 zilikuwa na usonji kwa wote wawili. Katika jozi 10 za mapacha wa mayai mawili, hapakuwa na hata moja. Walipopanua kipimo na kujumuisha matatizo mengine ya lugha na utambuzi, uwiano ulikuwa jozi 9 kati ya 11 kwa wa yai moja, na 1 kati ya 10 kwa wa mayai mawili.

Matokeo hayo yalifanya mambo mawili kwa pamoja. Yalimwondolea mama lawama ya malezi, kwani yalielekeza kwenye urithi. Lakini yalionyesha pia kwamba kinachorithiwa ni kipana kuliko usonji wenyewe, na kwamba lugha imo ndani yake. Hoja ya Rimland kwamba ndugu ni wa kawaida haikubatilishwa kwa wengi wao, ila ilianza kuhitaji ufafanuzi. Ndugu ambaye jana alitajwa kwa sababu hakuwa na lolote, leo alianza kuulizwa kama hakuwa na chochote kabisa.

4. Kidole Chapata Nadharia

Ili swali hilo lielekezwe kwa mtoto ambaye bado hajasema, ilibidi kwanza pawepo nadharia ya mawasiliano yasiyo na maneno. Nadharia hiyo ilitoka katika isimu, hasa tawi la pragmatiki. Mwaka 1975 Elizabeth Bates, Luigia Camaioni na Virginia Volterra walichapisha uchunguzi wa watoto watatu wa Kiitalia, wakitumia nadharia ya vitendo-usemi iliyoanzishwa na J. L. Austin. Walionyesha kwamba kabla ya kuwa na maneno ya kutendea, mtoto huwa tayari ana vitendo. Walitofautisha ishara za aina mbili. Ya kwanza ni ishara ya kuagiza: mtoto humtumia mtu mzima ili apate kitu, kwa mfano anaponyoosha mkono kuelekea kikombe huku akimtazama mama. Ya pili ni ishara ya kuarifu: mtoto hutumia kitu ili ayapate macho ya mtu mzima. Anayeonyesha paka hataki kupewa paka. Anataka paka awe wao wote wawili. Mwaka huohuo Michael Scaife na Jerome Bruner walieleza jinsi watoto wachanga wanavyofuata mtazamo wa mtu mzima.

Mgawanyo wa Bates na wenzake ulipata matumizi mapya haraka. Mwaka 1978 Frank Curcio aliwachunguza watoto wenye usonji ambao hawakuwa na usemi. Aliwakuta wakiagiza kwa ishara, lakini hakuona ishara za kuarifu. Mwaka 1986 Peter Mundy, Marian Sigman na wenzao walithibitisha kwamba upungufu wa umakini wa pamoja, yaani hali ya watu wawili kushiriki kitu kimoja kwa macho na ishara, unawatofautisha watoto wenye usonji na watoto wengine wenye ulemavu wa akili.

Kwa mwanaisimu, jambo hili lina uzito wa pekee. Lilionyesha kwamba dhima za lugha zinaweza kutengana kabla lugha yenyewe haijaja. Mtoto anaweza kuwa na dhima ya kuomba bila kuwa na dhima ya kushirikisha. Tayari mwaka 1982 Jeffrey Seibert, Anne Hogan na Mundy walikuwa wamechapisha Vipimo vya Awali vya Mawasiliano ya Kijamii, ambavyo huuweka mchezo wa mtoto na mtafiti mezani katika makundi matatu: kuhusiana, kuomba na kushiriki umakini. Kidole kilikuwa kimepata nadharia na kipimo. Kilichobaki ni kumpata mtoto mwenyewe mapema.

5. Video za Nyumbani na Watoto wa Miezi 18

Njia mbili zilijitokeza katika miaka ya mwanzo ya 1990. Ya kwanza ilikuwa kurudi nyuma. Mwaka 1994 Julie Osterling na Geraldine Dawson walichambua video zilizopigwa na wazazi katika sherehe za mwaka wa kwanza wa kuzaliwa: watoto 11 waliokuja kutambuliwa kuwa na usonji, na 11 waliokua kwa njia ya kawaida. Tabia nne ziliwatofautisha: kuonyesha kwa kidole, kumwonyesha mtu kitu, kutazama watu, na kugeuka unapoitwa jina. Kamera haikuwa na hatia wala huzuni. Iliyahifadhi yale ambayo kumbukumbu ya mama ilidaiwa kuyapotosha, na ikaonyesha kwamba akina mama wa Kanner hawakuwa wamebuni.

Hata hivyo, kamera nayo ilikuwa na mipaka yake. Iliingia katika nyumba zenye uwezo wa kuinunua, katika jamii zinazosherehekea siku ya kuzaliwa, na ilifunguliwa mtoto alipopendeza kutazamwa. Nyumba isiyo na kamera haikuacha ushahidi.

Njia ya pili ilikuwa kwenda mbele, na hapo ndipo wadogo walipoitwa. Mwaka 1992 Simon Baron-Cohen, Jane Allen na Christopher Gillberg walichapisha jaribio la orodha fupi ya maswali kwa watoto wa miezi 18 nchini Uingereza. Kundi moja lilikuwa la watoto 50 waliochaguliwa bila mpangilio; la pili lilikuwa la watoto 41 ambao kaka au dada zao walikuwa na usonji. Watoto wanne, wote wa kundi la pili, walishindwa katika mambo mawili au zaidi kati ya yale makuu yaliyopimwa, yakiwemo kuonyesha kwa kidole ili kuarifu na mchezo wa kuigiza. Walipofikisha miezi 30, wote wanne walikuwa wametambuliwa kuwa na usonji. Tofauti iliyogunduliwa mezani kwa Bates sasa iliweza kusomwa kwa mdogo mtu kabla ya daktari kutaja jina la hali yake.

6. Kungojea pamoja na Mtoto

Tangu mwanzo wa karne ya 21, vikundi kadhaa vya watafiti vilianza kuwafuatilia wadogo tangu miezi ya kwanza ya maisha hadi miaka mitatu, na mtandao wa watafiti wa ndugu wachanga ukaundwa ili kuunganisha takwimu zao. Mwaka 2005 Lonnie Zwaigenbaum na wenzake nchini Kanada walieleza kwamba kufikia miezi 12 wale watakaotambuliwa kuwa na usonji huonyesha dalili katika kutazamana macho, kuitika jina, kuiga na kutabasamu. Mwaka huohuo Wendy Goldberg na wenzake walitumia vipimo vya Seibert na wenzake kwa sampuli ndogo ya wadogo, na kukuta kwamba katika baadhi ya tabia walitofautiana na watoto wa kawaida. Mwaka 2006 Shelly Mitchell na wenzake, kwa kutumia dodoso la wazazi lenye jina la Bates, waliona kwamba waliokuja kutambuliwa walikuwa na ishara chache walipokuwa na miezi 12.

Uchunguzi wa Nurit Yirmiya na wenzake nchini Israeli, uliochapishwa pia mwaka 2006, unastahili kutajwa peke yake. Waliwatazama wadogo 21 wakiwa na miezi minne na miezi 14, pamoja na kundi la kulinganisha. Katika umri wa miezi minne, kupokezana kati ya mama na mtoto kulikuwa hafifu zaidi pale mtoto alipokuwa kiongozi wa mchezo. Matokeo hayo yanagusa mashtaka ya zamani. Kama kuna uzi uliolegea, haukulegezwa na upande wa mama. Mama hupokea kile anachotumiwa.

Mwaka 2010 Sally Ozonoff na wenzake walileta jambo ambalo halikutarajiwa. Katika miezi sita, watoto waliokuja kuwa na usonji walitazama nyuso, walitabasamu na kutoa sauti kwa kiasi kilichokaribiana na cha wenzao. Tofauti ilijijenga polepole baada ya hapo, kwa kupungua, na wazazi wengi hawakuieleza kuwa mtoto alipoteza kitu. Kwa hiyo kumbukumbu ya mama ilihitaji kusomwa upya kwa mara nyingine. Haikuwa uongo, bali kitu kinachopungua kidogo kidogo hakina siku ya kukumbukwa.

Kuhusu ukubwa wa jambo lenyewe, mtandao huo ulichapisha mwaka 2011 takwimu za wadogo 664: asilimia 18.7 walitambuliwa kuwa na usonji. Mwaka 2024, kwa wadogo 1,605, kiwango kilikuwa asilimia 20.2. Mtoto mmoja kati ya watano hivi ni idadi kubwa, na ndiyo iliyouhalalisha uchunguzi. Lakini takwimu hiyo ina upande wa pili: wanne kati ya watano hawatambuliwi kuwa na usonji. Daniel Messinger na wenzake walionyesha mwaka 2013 kwamba sehemu ya hao wanne hubaki na tofauti ndogo za ukuaji, huku walio wengi wakiwa hawana. Ndugu wa Rimland, yule shahidi wa kawaida, bado yupo, ila sasa ukawaida wake hutangazwa baada ya miaka mitatu ya kupimwa.

7. Kilifi na Lugha za Pwani

Afrika ilikuwa imeingia katika historia hii mapema, ingawa kwa mlango mwingine. Mwaka 1978 Victor Lotter alichapisha matokeo ya ziara yake katika nchi sita za Afrika, Kenya ikiwemo, akitafuta watoto wenye usonji katika taasisi za watoto wenye ulemavu. Aliwatafuta waliokwisha kukua, si wachanga.

Kiungo cha kweli na mawasiliano ya awali kilikuja kupitia isimu. Mwaka 2015 Katherine Alcock na wenzake walichapisha kazi ya kulirekebisha dodoso lenye jina la Bates kwa Kiswahili na Kigiriama huko Kilifi. Kwa kuwa wazazi wengi hawakusoma, maswali yaliulizwa kwa mdomo badala ya kujazwa kwenye karatasi. Mama wa Kilifi, kama mama wa Baltimore, alirudishiwa nafasi ya shahidi, na safari hii aliulizwa kuhusu mtoto aliyempakata wakati huo, si yule wa miaka iliyopita. Kazi hiyo haikuwa ya usonji, lakini bila orodha ya ishara na maneno ambayo mtoto wa kawaida wa Pwani huwa nayo, hakuna awezaye kusema kwa haki kwamba mwingine amechelewa.

Kuna pia swali ambalo vipimo vya mezani havikulijengea nafasi. Mwaka 1977 Thomas Weisner na Ronald Gallimore walichapisha uchambuzi wa malezi ya watoto yanayofanywa na watoto wenzao, na Kenya ilikuwa miongoni mwa mifano yao. Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, anayembeba mtoto mchanga alasiri nzima si mama bali dada au kaka. Mtoto hujifunza kuonyesha kwa sababu yupo wa kuonyeshwa. Pale ambapo kaka mtu ana usonji, mdogo huwa na mzungumzaji wa kwanza asiyefuata kidole. Tofauti ya mdogo huyo inaweza kutoka katika urithi, katika mazungumzo ya nyumbani, au katika yote mawili. Chumba cha maabara chenye mama, mtafiti na vinyago hakiwezi kuyatenganisha hayo.

8. Hitimisho

Historia hii imeonyesha kwamba ndugu mdogo hakuingia katika taaluma kwa ajili yake mwenyewe. Aliitwa kumtetea mama, kisha kuthibitisha urithi, kisha kuonyesha usonji unavyoanza. Katika kila hatua aina ya ushahidi ilibadilika, kutoka kumbukumbu hadi picha na kutoka picha hadi ufuatiliaji, na kila hatua ilisahihisha iliyotangulia bila kuifuta. Waliyoyaona akina mama wa mwaka 1943 yalikuwa ya kweli. Lililokuwa kosa ni hukumu waliyopewa kwa kuyaona.

Hatari ya hukumu hiyo haijaisha. Mama anayeambiwa mtoto mmoja kati ya watano anaweza kugeuza kila mchezo na mtoto wake kuwa mtihani, akihesabu vidole badala ya kuvifuata. Pragmatiki ina neno la kumwambia. Ishara ya kuarifu haikamiliki kwa kutolewa, bali kwa kupokelewa, na ndivyo ilivyo kwa "kile" cha Kiswahili. Utafiti wa lugha ya watoto utakaofanywa katika mazingira ya Kiswahili una wajibu wa kumsajili anayeonyesha pamoja na anayeonyeshwa, akiwa mama, bibi, au kaka mtu mwenye usonji anayetazama upande mwingine.